Mchezo Katika Maisha ya Wanyama na Watu

Neno mchezo lina bahati ya namna mbili katika lugha yetu. Mtu akitaka kulitukuza jambo husema kwamba jambo hilo si mchezo. Akitaka kulidunisha husema kwamba ni mchezo wa kitoto. Mwanafunzi aliyeanguka katika mtihani huambiwa kuwa aliyachezea masomo yake. Walakini lugha hiyo hiyo ina methali isemayo kuwa mcheza kwao hutunzwa, na hapo kucheza ni tendo la heshima ambalo mtu hupewa tuzo kwalo mbele ya jamaa zake. Kiswahili kimeshika mizani mkononi: dharau imewekwa upande mmoja na heshima upande wa pili, na ulimi haujaamua ni upande upi ulio mzito.

Kusitasita huku hakukuwa kwa Waswahili peke yao. Kwa karne nyingi watu wengi wenye elimu, hasa katika bara la Ulaya, waliuhesabu mchezo kuwa ni masazo ya maisha, yaani kitu kinachobaki baada ya kazi, ibada, chakula na usingizi kupata haki zao. Insha hii yakusudia kueleza namna hukumu hiyo ilivyogeuzwa, ushahidi ulioigeuza, na gharama iliyolipwa na viumbe wasio na sauti ili ushahidi huo upatikane. Habari yenyewe si ndefu. Ni ya muda wa miaka mia mbili na kidogo. Lakini ndani yake mna jambo linalomhusu kila mzazi, kila mwalimu, na kila mtu aliyepewa mamlaka juu ya saa za mtoto.

Tuanze na fumbo lenyewe. Mwanambuzi aliyezaliwa juzi huruka juu pasipo kuwa na kitu cha kuruka. Mtoto wa mbwa humkamata nduguye shingoni, akamwangusha, kisha akajilaza chini ili naye aangushwe. Paka mchanga hulivizia jani kavu kama kwamba ni panya. Katika matendo hayo yote hakuna chakula kinachopatikana wala adui anayekimbiwa. Nguvu iliyotokana na maziwa ya mama hutumika bure, na hatari huongezeka. Hatari hiyo si ya kudhaniwa tu. Katika pwani ya Peru mtaalamu aitwaye Robert Harcourt aliwachunguza watoto wa sili, wanyama wa bahari wanyonyeshao, ambao huwindwa na simba wa bahari. Katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1991 alionyesha kwamba kati ya watoto 26 walioonekana wakiuawa, 22 waliuawa walipokuwa wakicheza katika maji ya kina kifupi. Basi mchezo una bei, na pengine bei yake ni roho. Mwenye akili lazima aulize: ikiwa desturi fulani huwagharimu viumbe kiasi hiki, na hata hivyo haikufutika katika vizazi vyao vyote, je, yawezekana kuwa haina faida?

Jibu la kwanza lililopata sifa lilitoka Ujerumani. Mwaka 1795 mshairi Friedrich Schiller alitoa barua zake juu ya malezi ya mtu kwa njia ya uzuri. Humo alieleza kwamba mnyama hufanya kazi anaposukumwa na uhaba, na hucheza anaposukumwa na wingi wa nguvu. Simba aliyeshiba, asiyekabiliwa na adui, hunguruma nyikani kwa kuwa nguvu zake zimezidi haja zake. Schiller aliutukuza mchezo wa mtu kuliko wengi waliomtangulia, kwa sababu aliona kwamba mtu hukamilika utu wake anapocheza. Lakini mfano wake wa simba ulitiliwa mkazo na waliokuja nyuma yake kuliko heshima aliyoitoa. Mwingereza Herbert Spencer, katika kitabu chake cha elimu ya nafsi kilichotolewa upya mwaka 1872, aliifanya fikira hiyo kuwa nadharia kamili: mchezo ni nguvu ya ziada inayotafuta pa kutokea, mfano wa mvuke unaoinua kifuniko cha chungu. Spencer alisema kuwa wazo hilo alilikuta zamani kwa mwandishi mmoja wa Kijerumani, na akakiri kuwa amelisahau jina lake. Hivyo mchezo ukapata maelezo ya kitaalamu, lakini maelezo hayo yaliuacha pale pale ulipokuwa, katika fungu la masazo.

Kabla Spencer hajaandika hayo, mtu mwingine alikuwa amekwisha kulijibu swali kwa vitendo. Friedrich Froebel alizaliwa mwaka 1782 katika milima ya Thuringia, mtoto wa kasisi. Mama yake alikufa kabla hajatimiza mwaka mmoja, na utoto wake ulikuwa wa upweke. Alijifunza kazi ya misitu, kisha akawa mwalimu, akakaa miaka miwili huko Uswisi pamoja na Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu mashuhuri wa zama zile. Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 55, alifungua katika mji wa Bad Blankenburg nyumba ya kuwalea watoto wadogo kwa michezo, na mwaka 1840 akaipa jina la bustani ya watoto. Humo ndimo kilimotoka kizazi cha shule ambazo leo twaziita za chekechea.

Froebel aliamini kwamba mchezo ni kazi ya juu kabisa ya utoto. Alitengeneza vitu vya kuchezea alivyoviita zawadi: kwanza mipira sita laini ya sufu, yenye rangi mbalimbali; kisha tufe, mchemraba na mcheduara vya mti; kisha michemraba iliyokatwa vipande ambavyo mtoto aliweza kuvitenganisha na kuviunga tena. Katika kuvunja na kuunga, mtoto hujifunza kwamba kitu kizima kina sehemu, na kwamba sehemu zaweza kufanya kitu kipya. Tunda la zawadi hizo lilionekana mbali. Mwaka 1876, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia huko Marekani, mwanamke mmoja aliziona akamnunulia mwanawe. Mwana huyo alikuwa Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa msanifu majengo maarufu kuliko wote wa nchi yake, na katika uzee wake alisema kwamba michemraba ile ya mti ilikuwa bado i katika vidole vyake.

Lakini serikali ya Prussia haikupendezwa. Katika mwaka 1848 mapinduzi yalikuwa yameitikisa Ulaya, na watawala waliorudi vitini mwao waliogopa kila jambo jipya. Mwezi wa Agosti mwaka 1851 waziri Karl von Raumer alizipiga marufuku bustani za watoto katika Prussia yote, kwa shutuma ya kuwafundisha wadogo ukafiri na ujamaa. Katika kutoa amri hiyo, serikali ilimchanganya Froebel na mpwa wake Karl, ambaye alikuwa ameandika kijitabu juu ya elimu ya wanawake. Mzee alijaribu kueleza kosa hilo asisikilizwe. Alikufa mwezi wa Juni mwaka 1852, na marufuku haikuondolewa mpaka mwaka 1860. Huenda msomaji akacheka kusikia kwamba dola yenye majeshi iliogopa mipira ya sufu. Mimi naona kwamba dola ile, katika ujinga wake, iliuheshimu mchezo kuliko wale waliouita upuuzi. Ilitambua kwamba mtoto anayecheza huzoea kuamua mambo yake mwenyewe.

Amri haikuua mbegu. Wanafunzi wa Froebel, wengi wao wanawake, waliichukua hata Uingereza na Marekani. Mmoja wao, Margarethe Schurz, alifungua mwaka 1856 katika mji mdogo wa Watertown, jimbo la Wisconsin, shule ya kwanza ya namna hiyo katika Marekani, iliyotumia lugha ya Kijerumani. Jina la Wisconsin tulishike akilini, maana litarudi. Lakini jambo jingine la kusikitisha lilitukia. Walimu waliofuata walizigeuza zawadi kuwa somo la amri: watoto wote waliketi katika mistari, wakainua mchemraba kwa pamoja na kuuweka kwa pamoja. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu kama John Dewey waliushutumu ukavu huo. Mchezo ulikuwa umeponea katika mikono ya waziri, ukakaribia kufa katika mikono ya marafiki zake.

Sasa tuirudie nadharia. Mwaka 1896 mwanafalsafa wa Kijerumani Karl Groos alitoa kitabu juu ya michezo ya wanyama, na mwaka 1899 kingine juu ya michezo ya watu. Aliipima fikira ya Spencer akaiona pungufu. Mtoto wa mbwa aliyechoka mpaka ulimi unamning'inia, ukimrushia kijiti huinuka tena. Nguvu yake haikuzidi, na hata hivyo hucheza. Tena ikiwa mchezo ni mvuke tu, mbona kila mnyama hucheza kwa mtindo wake? Paka huvizia, mwanambuzi huruka na kupigana vichwa, mbwa hufukuza. Kila mmoja huigiza kazi itakayomlisha au kumwokoa ukubwani. Groos akalipindua swali zima. Watu walidhani mnyama hucheza kwa kuwa ni mchanga. Yeye alisema kwamba mnyama amepewa uchanga ili apate kucheza. Samaki na mdudu huzaliwa karibu wameiva. Kiumbe ambaye maisha yake ni magumu na yenye mengi ya kujifunza hupewa muda mrefu wa utoto, na muda huo ndio shule yake.

Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza mchezo ulitoka katika fungu la masazo ukawekwa katika fungu la mahitaji. Mwaka 1938 mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, aliongeza neno lake katika kitabu alichokiita Homo Ludens, maana yake mtu mchezaji. Alisema kwamba mchezo ni mkongwe kuliko ustaarabu, kwa kuwa wanyama hawakumngoja mtu aje kuwafundisha. Na kwamba sifa yake ya kwanza ni hiari. Mchezo wa kuamrishwa, alisema, haustahili kuitwa mchezo. Maneno hayo yalikuwa hukumu juu ya wale walimu wa michemraba ya pamoja. Yalikuwa pia maneno ya mtu aliyeona giza likikaribia, maana mwaka 1942 Wajerumani walioikalia nchi yake walimtia kizuizini, naye akafa mwezi wa Februari mwaka 1945, nchi yake ikiwa haijakombolewa yote.

Hata hivyo Schiller, Groos na Huizinga walifikiri kwa kalamu. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuonyesha kiumbe aliyenyimwa mchezo, akatuambia lililompata. Ushahidi huo ulikuja baadaye, nao ulipatikana kwa njia ambayo haiwezi kusimuliwa bila ya uchungu.

Hapa ndipo Wisconsin inaporudi. Katika mji wa Madison, miaka mia moja baada ya shule ile ya Watertown, Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwalea watoto wa kima mbali na mama zao. Mwaka 1958 alitangaza jaribio lake mashuhuri: watoto hao walipewa sanamu mbili za mama, moja ya waya iliyotoa maziwa, na nyingine iliyovikwa kitambaa laini isiyotoa kitu. Watoto walinyonya kwenye waya kisha wakakimbilia kitambaa, wakakikumbatia karibu mchana kutwa. Dunia nzima ilizungumza habari hiyo, kwa kuwa ilithibitisha kwamba mapenzi si njaa ya maziwa tu.

Majaribio yaliyofuata hayakusemwa sana, lakini kwa maudhui yetu ndiyo makubwa zaidi. Harlow aliwaweka baadhi ya watoto wa kima peke yao tangu kuzaliwa, pasipo kumwona kiumbe mwingine, wengine kwa miezi mitatu, wengine sita, wengine mwaka mzima. Waliokaa miezi sita walipotolewa walijikunyata pembeni, wakajitikisa mbele na nyuma, wakajiuma miili yao wenyewe. Walipowekwa pamoja na wenzao wa rika moja hawakujua kucheza. Waliokaa mwaka mzima hali yao ilikuwa mbaya zaidi, hata ikawa vigumu kuwaita kima kwa kitu kingine isipokuwa umbo. Sasa linganisha na kundi jingine. Hao nao walinyimwa mama wa kweli, wakalelewa na sanamu ya kitambaa, lakini kila siku walitolewa kwa muda wa dakika 20 tu, wakacheza na wenzao. Walikua karibu sawa na kima wengine. Dakika 20 za kufukuzana na kuangushana ziliziba sehemu kubwa ya pengo ambalo mtu angedhani haliwezi kuzibika.

Likabaki swali la mwisho: je, aliyekwisha kuharibika aweza kupona? Jibu lilitolewa mwaka 1972 na Harlow pamoja na mwanafunzi wake Stephen Suomi. Walikuwa wamejaribu njia nyingi wakashindwa. Kuwaweka wale wagonjwa pamoja na rika lao hakukufaa, maana wenzao waliwashambulia. Basi wakawachagua tabibu wasiotazamiwa: kima wa kike wenye umri wa miezi mitatu, wadogo kuliko wagonjwa wenyewe, ambao bado walikuwa wakipenda kukumbatia kuliko kupigana. Mgonjwa alipojikunyata pembeni, mtoto alimfuata akamshika. Baada ya majuma machache mgonjwa naye akaanza kushika. Kisha mtoto akaanza kucheza, na mgonjwa akajifunza kwake. Hatimaye wagonjwa wale walikuwa wamepona karibu kabisa. Yaliyoshindikana kwa wataalamu yaliwezekana kwa watoto waliotaka tu mtu wa kucheza naye.

Majaribio ya Madison yalilaumiwa sana, na kwa haki. Ni mojawapo ya mambo yaliyowaamsha watu kudai sheria za kuwalinda wanyama katika maabara. Nami siyataji kwa kuyasifu. Nayataja kwa sababu deni ni deni: kima wale walilipa ili sisi tujue, na tukijua kisha tukawatendea watoto wetu kama kwamba hatukujua, basi mateso yao yatakuwa yamepotea bure.

Kwa bahati njema palikuwa na njia nyingine ya kutafuta elimu, nayo ilianza katika nchi yetu. Mwezi wa Julai mwaka 1960 Jane Goodall alishuka Gombe, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, akaketi na kuwatazama sokwe katika msitu wao pasipo kuwafungia. Huko alimjua mama mmoja aliyempa jina la Flo, na watoto wake Faben, Figan, Fifi, na Flint aliyezaliwa mwaka 1964. Flo alikuwa mama wa michezo. Alimtekenya mtoto shingoni, naye mtoto akacheka kwa sauti ya kuhema ambayo msikilizaji hawezi kuikosea. Ndugu wakubwa, ambao katika ugomvi wa kweli wangeweza kumwumiza vibaya mdogo wao, walimfukuza polepole kuzunguka shina la mti ili asiachwe nyuma. Fifi hakutosheka kumchezea Flint. Alimbeba kama mwanawe. Ukubwani mwake akawa mama wa watoto wengi, mmojawapo wa mama waliofanikiwa kuliko wote katika historia ya msitu ule.

Katika mambo ya Gombe nataka tulitazame moja: mkubwa alipunguza nguvu zake. Hili ndilo limeonekana tena na tena katika uchunguzi wa miaka ya karibuni. Sergio Pellis, wa Chuo Kikuu cha Lethbridge nchini Kanada, alionyesha kwamba panya wanaocheza hulenga ukosi wa mwenzao na kuugusa kwa pua. Wanaopigana kwa hasira huuma kiunoni. Mchezo na vita vyafanana kwa macho ya haraka, lakini shabaha zao ni mbalimbali, na kila panya azijua. Mbwa naye, kabla ya kuanza, huinamisha kifua chini na kuinua mkia juu, kama kwamba atoa ahadi kuwa yatakayofuata hayatakuwa ya uadui. Mwenye nguvu akiuma kweli, mchezo huvunjika na mwenzake huondoka. Hakuna hakimu wala kiboko. Adhabu ya mkorofi ni kuachwa peke yake.

Hapo nadharia ya Groos nayo ikahitaji kurekebishwa. Mwaka 1980 Tim Caro alichapisha uchunguzi wake juu ya paka. Paka waliokulia na vitu vya kuchezea hawakuwa wawindaji bora kuliko wale waliovikosa. Wote walijifunza kuwinda. Basi kama mchezo ungekuwa shule ya ufundi wa kazi tu, paka hao wangeuaibisha. Mwaka 2001 Marek Špinka, Ruth Newberry na Marc Bekoff walitoa wazo jingine: katika mchezo mnyama hujitia kwa hiari katika hali asiyoimudu, akaanguka, akapinduliwa, akatishwa, ili siku jambo lisilotazamiwa litakapomfika kwa kweli asipotewe na akili. Naye Jaak Panksepp, mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani, aligundua katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 kwamba panya wachanga wakitekenywa hutoa sauti nyembamba ya mitetemo kama 50,000 kwa sekunde. Sikio la mtu haliisikii, maana mwisho wake ni karibu mitetemo 20,000. Panya hao waliufuata mkono uliowatekenya wakautaka tena. Hata panya walioondolewa gamba la juu la ubongo waliendelea kucheza. Hamu ya mchezo, basi, haikukaa katika ghorofa ya juu ya ubongo pamoja na mapambo. Imekaa chini katika msingi, jirani na njaa na hofu.

Tukiukusanya ushahidi huu, twaona kitu ambacho wala Spencer wala Groos hakukiona sawasawa. Kima wa Madison walipotoka upwekeni hawakukosa ufundi wa kutafuta chakula, walikula. Walichokosa ni kuishi na mwenzao. Mchezo ndio mahali pa kwanza ambapo kiumbe hukutana na nia ya mwingine iliyo sawa na yake, akalazimika kuizuia nguvu yake kwa kupenda mwenyewe, kwa sababu asipoizuia hatapata wa kucheza naye. Mama hufundisha mapenzi, lakini mama husamehe. Rika halisamehe upesi, wala halina cheo juu ya mtoto. Basi linalojifunzwa kwa rika haliwezi kujifunzwa kwa mama, wala kwa mwalimu, wala kwa kitabu.

Watu wa pwani hawakungoja panya kuwafundisha hayo. Nenda Unguja au Lamu alasiri, ukaone wazee barazani wameuzunguka ubao wa bao wenye mashimo 32 na kete 64. Tajiri na mchukuzi huketi uso kwa uso, na kete haziangalii kanzu ya mtu. Aliye hodari hushinda, aliyeshindwa huchekwa, na kesho wote wawili hurudi. Julius Nyerere aliyekuwa Rais wa Tanzania alijulikana kwa kupenda bao, naye hakupungukiwa na heshima kwa kuketi kulicheza. Mtu mzima anayeweza kushindwa barazani bila ya kuona chuki alianza kujifunza jambo hilo utotoni, katika vumbi la uwanja, alipojificha na kutafutwa na wenzake.

Sheria nazo zimeufikia ukweli huu, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba mwaka 1989, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 juu ya haki na ustawi wa mtoto unaitaja pia, katika kifungu cha 12. Kenya iliuridhia mkataba wa kwanza mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991. Lakini haki iliyoandikwa na saa iliyotolewa ni vitu viwili. Watoto wangapi huamka kabla ya jua kuchomoza, wakaenda shule, wakatoka shule wakaingia tuisheni, wakatoka tuisheni wakashika daftari mpaka usingizi uwashinde? Na wangapi, katika nyumba za maskini, hutumwa kuuza au kulea wadogo mpaka utoto uwaishie? Aliye nacho amnyima mtoto mchezo kwa ajili ya cheti, na asiye nacho amnyima kwa ajili ya mkate. Njia ni mbili, hasara ni moja.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema kwamba nchi changa zahitaji bidii, na mtoto aliyezoea kucheza atakuwa mtu mvivu. Shaka hii ni ya watu waaminifu, nayo yastahili jibu. Sikumwomba mtu yeyote aache kazi. Naomba tuyahesabu mambo sawasawa. Taifa halijengwi na watu wanaojua kusoma na kuhesabu tu. Hujengwa na watu wanaoweza kushindwa katika uchaguzi bila ya kushika panga, kuwa na nguvu bila ya kuonea, kukutana na jambo lisilotazamiwa bila ya kufadhaika. Mafunzo hayo hayamo katika mtihani wowote niujuao. Mwalimu akipunguza muda wa mapumziko ili aongeze somo, huona faida siku ile ile katika daftari. Hasara haionekani mpaka baada ya miaka ishirini, na wakati huo hakuna atakayekumbuka kengele iliyopigwa mapema.

Wala dawa yake haihitaji fedha nyingi. Haihitaji zawadi za Froebel, ingawa ni nzuri. Tumekwisha kuona kwamba mchezo uliopangwa sana na wakubwa hukauka. Mtoto ahitaji vitu vitatu: wenzake, mahali pasipo hatari kubwa, na muda ambao mkubwa hakuukalia. Kiwanja cha shule kisiuzwe. Kengele ya mapumziko isicheleweshwe. Mtoto atumwaye dukani asipigwe kwa kukawia kidogo njiani. Kima wa Madison walihitaji dakika 20. Sidhani kwamba mwana wa mtu astahili kupewa pungufu kuliko kima.